Ukurasa Niliouosha kwa Marashi

Mwezi uliopita nilishuka Nangurukuru na begi moja na magoti yanayolalamika, nikanunua korosho za kukaanga kwa mama mmoja pale stendi, nikachukua bajaji kwenda Kivinje. Nilikuwa nimeapa kwamba ile nyumba siingii tena. Lakini wewe unanijua, kiapo changu hakifui dafu mbele ya udadisi wangu. Niliposikia kwamba nyumba ya bibi yangu imefanywa nyumba ya makumbusho, kwamba wageni wanakuja kuitazama na kuna binti anayewaeleza, nikasema haya, ngoja nikasikie wanavyomweleza bibi yangu watu wasiomjua.

Binti alikuwa mlangoni, kajitanda ushungi wa kijani, adabu tele. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Sikumwambia kuwa mimi ni mtoto wa humo. Nikavua viatu kama alivyoniomba, nikaingia, na nyayo zilipogusa ile sakafu ya chokaa, baridi yake ikanipanda mpaka kifuani. Wallahi nilisahau kama nina miaka ya kustaafu. Nikajiona nina miaka tisa, nimechelewa kutoka chuoni, kusoma Kurani, na bibi yuko juu ananisubiri.

Sijui nikuelezeje ile nyumba ukaamini. Ilikuwa ya ghorofa moja, kuta zake za mawe ya matumbawe, nene hata mtoto mmoja angejilaza dirishani akapata usingizi. Mlango wa mbele ulikuwa wa nakshi, maua juu, minyororo pembeni, na katikati misumari ya shaba mikubwa kuliko ngumi yangu. Sebuleni juu, ukuta mzima ulijaa vidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo, na kila kidaka kina kitu chake: sahani, kikombe, mrashi wa fedha wenye shingo ndefu, chetezo cha kufukizia udi. Kulikuwa na saa kubwa ya ukutani ambayo sikuwahi kuisikia ikitembea, na kioo chenye fremu iliyotiwa dhahabu, ambacho kimeingiwa na madoa hivi kwamba ukijitazama unajiona nusu. Katika kidaka cha katikati lilikaa bakuli la Kichina, jeupe, lenye samaki wawili wa buluu wanaofukuzana.

Bakuli lile lilikuwa haliliwi wala halinywewi. Bibi alisema limevuka bahari kabla babu yake hajazaliwa. Mimi nililisalimia kila asubuhi, tena kwa shikamoo. Usinicheke. Nilijua ni kubwa kuliko mimi.

Bibi alinilea yeye, kwa sababu mama yangu aliolewa mbali, naye baba yangu hakukaa. Kama walivyo bibi wa kwetu, aliniita mke mwenzake, na tukigombania paja la kuku alinitishia talaka. Alhamisi ilikuwa siku ya shaba. Tunasugua misumari ya mlango kwa ukwaju na majivu mpaka vidole vinawasha, yeye kushoto, mimi kulia, na akimaliza upande wake kabla yangu ananikoga siku nzima. Nikimaliza mimi kwanza, anasema nimelipua. Jioni ananikaangia mkate wa kumimina, au msimu wake ukifika tunachemsha ming'oko, ile mizizi ya porini, tunaikalia barazani tukimenya na kupuliza vidole. Mpaka leo nikipita sokoni Lindi nikaona fungu la ming'oko, mkono unakwenda pochini wenyewe.

Sasa nikupeleke kwenye vitabu, maana ndivyo vilivyonifanya niape.

Vilikaa chumba cha ndani, katika kasha jeusi lililopigwa njumu za shaba. Ufunguo bibi aliufunga pembeni ya kanga yake, fundo juu ya fundo. Mwaka mzima kasha halifunguliwi. Masika yakiisha tu, ardhi ikikauka na hewa ikiwa nyepesi, anatangaza kwamba kesho ni siku ya vitabu kupunga upepo. Alfajiri nyumba inafagiliwa mara mbili. Tunaoga, tunatia udhu, tunavaa nguo safi. Mikeka mipya inatandikwa ukumbini, kivulini penye upepo, kwa sababu jua linakausha ngozi ya majalada mpaka inapasuka. Kisha bibi anapiga bismillahi, anafungua.

Harufu, ndugu yangu! Karafuu, udi, ngozi ya mbuzi, tumbaku kavu ya kufukuzia wadudu, na chini yake harufu nyingine ambayo hata leo sina jina lake. Kila ilipotoka nilinyamaza bila kuambiwa. Vinatoka kimoja kimoja, mikononi mwa bibi kama watoto wachanga. Misahafu iliyonakiliwa kwa mkono, wino mweusi na mwekundu, pembezoni maua ya manjano. Kitabu cha dawa. Kitabu cha nyota. Mashairi ya watu waliokwisha zamani. Kuna aliyekaa akaandika haya yote, herufi kwa herufi, bila kuchoka, na sasa hayupo, na mstari wake bado umenyooka. Hilo lilikuwa linanitisha na kunifurahisha kwa wakati mmoja. Kazi yangu ilikuwa kupitisha unyoya wa kuku katikati ya kurasa, taratibu, bila kupumua juu yake.

Cha mwisho kutoka kilikuwa kitabu cha nyumba. Hiki hakikuwa cha dini. Mababa wa nyumba ile waliandika humo mambo yao, nani kazaliwa, nani kafa, mvua ya mwaka gani ilibomoa ukuta gani, kwa Kiswahili lakini kwa herufi za Kiarabu zisizo na irabu. Mimi nilikuwa nasoma juzuu chuoni, ila nikiondolewa irabu napotea njia. Kwa hiyo kwangu vitabu vyote vilikuwa sawasawa. Vyote vitakatifu, vyote na nguvu.

Kila mwaka bibi alikifungua kitabu kile ukurasa uleule, karibu na mwisho. Anavaa miwani yake yenye mguu mmoja, anasoma midomo ikicheza bila sauti. Kisha anaweka kidole kwenye mstari fulani, anakiacha pale kwa muda. Na uso wake, jamani. Bibi alikuwa mtu mkali, mwenye makunyanzi ya kununa, lakini pale uso ulikunjuka wote akawa msichana. Anafunga kitabu, anasema, "Haya, mke mwenzangu, nimepata nguvu za mwaka mzima." Nami nikaelewa kama mtoto anavyoelewa. Ukurasa ule unatia nguvu.

Mwaka wangu wa tisa bibi aliugua. Homa ilimlaza, akawa anatetemeka chini ya mablanketi mchana kweupe. Muuguzi wa zahanati alikuja na vidonge, naye mwalimu wetu wa chuo akaja kwa kombe. Wewe wa bara huenda hulijui. Mwalimu anaandika aya kwa wino wa zafarani juu ya sahani nyeupe, yanamiminwa maji na marashi, maandishi yanayeyuka, mgonjwa anakunywa. Akasema ni siku saba, bila kuruka.

Siku ya tano mwalimu hakutokea. Alikuwa amekwenda Kinjumbi kwenye msiba wa nduguye. Jirani yetu, mama mmoja mnene mwenye huruma aliyekuwa akitupikia uji siku zile, alisimama kizingitini mwa jiko akamwambia mwenzake, "Kombe likikatika ni kama halikuanzwa. Masikini, ndiyo basi tena." Hakuniona. Nilikuwa nyuma ya pipa la maji, nikasikia yote. Sikuwa na mtu mwingine duniani. Bibi akifa, mimi nakwenda wapi?

Baada ya adhuhuri jirani alijinyoosha kidogo ukumbini. Nikatia udhu, tena vizuri, hata nyuma ya masikio. Nikaingia kwa bibi, nikafungua fundo la kanga yake, fundo juu ya fundo, naye kalala anaunguruma kwa homa. Nikafungua kasha peke yangu. Harufu ilinipiga, karibu nirudi. Nikasema bismillahi nyingi kwa pamoja. Nikakitoa kitabu cha nyumba, kisha nikapanda kigoda, nikalishusha bakuli la Kichina kutoka kidaka chake. Kama ni dawa ya bibi yangu, nilisema moyoni, hainywewi kwenye kikombe cha bati.

Ukurasa sikuuchana, nilikuwa na akili kiasi hicho. Nilikifungua pale, nikakiinamisha juu ya bakuli, nikamimina maji kidogo kidogo kwa kiganja, na marashi kutoka ule mrashi wa fedha. Mwanzoni hakikutokea kitu. Kisha wino ukaanza kuachia. Ulikuwa wino wa masizi, wa zamani, ukateremka mstari baada ya mstari, ukawazunguka wale samaki wa buluu kama moshi wa jikoni unavyotafuta dirisha. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Nakwambia kweli, nililia kwa uzuri wake. Nilijua ninaiona nguvu yenyewe ikishuka. Nikasugua kwa kidole mpaka karatasi ikabaki nyeupe, sikutaka kumpunja bibi hata nukta.

Nikampelekea. Jirani alikuwa ameamka, akanisaidia kumwinua, akidhani mwalimu amerudi. Bibi alilitazama bakuli kabla hajatazama kilichomo.

"Mke mwenzangu, leo umenishushia samaki wangu?"

"Ndiyo bibi."

"Mwalimu karudi?"

"Hajarudi."

"Sasa kombe hili kaandika nani?"

Nikajibu kwa majivuno, kifua mbele, "Nimelitoa kwenye kitabu cha nyumba, bibi. Ule ukurasa wako. Nimeuosha wote!"

Jirani aliguta, "Yallah! Mtoto umefanya nini?" akanyoosha mkono kulichukua bakuli. "Lete bibi, nikamwage. Wino wa zamani huo, utakudhuru."

Bibi alilishika kwa mikono yote miwili. "Hapana," akasema. "Hili halimwagwi. Umwage wapi, watu wakalikanyage?" Akapiga bismillahi, akanywa. Akapumzika, akanywa, akapumzika tena, akamaliza. Kisha akapitisha kidole ndani ya bakuli, kuzunguka samaki wote wawili, akakilamba. Akanirudishia bakuli bila kuniangalia, akageukia ukutani, na mimi nikaona mabega yake yanapanda na kushuka. Nilidhani ni dawa inafanya kazi.

Jirani alinivuta mpaka jikoni, akaniketisha kwenye mbuzi ya nazi. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Akaniambia kwamba mama yake bibi aliletwa katika nyumba ile angali msichana mdogo, ameshikwa huko bara katika zile siku za kushikwa watu na kuuzwa, wala hakuna aliyekuja kumtafuta. Nyumba ikampachika jina jipya, la nyumba. Bwana wa nyumba akamweka ndani, yule msichana akamzaa bibi, akafa bibi angali ananyonya. Kaburi lake halikuwekewa jiwe. Ila yule bwana, alipokuwa mzee, alichukua kitabu cha nyumba akaandika kwa mkono wake kwamba huyu ni binti yangu, na mama yake ni fulani binti fulani, jina lake la kwao, lile alilopewa na wazazi wake huko alikotoka. Hakuna mahali pengine duniani lilipoandikwa.

"Ndilo hilo uliloosha," jirani akasema, na yeye mwenyewe akaanza kulia.

Bibi alipona. Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote, nimegawa vidonge nisivyoweza kuvihesabu, na nitakwambia ni vidonge vilivyomponya. Lakini uniulize mara ya pili na sitakuwa na uhakika hivyo. Siku ya nane alishuka ngazi mwenyewe, akaja jikoni, akaonja mchuzi wa jirani, akasema hauna chumvi. Mimi nilijificha nyuma ya mlango. Akaniita, "Wewe mke mwenza, njoo hapa, shaba hazijisugui." Hakutaja kitabu, siku ile wala nyingine. Mimi nami sikutaja.

Masika mengine yakaisha, mengine tena, vitabu vikatoka kupunga upepo. Alikifungua palepale. Alivaa miwani, akautazama ule weupe muda uleule aliokuwa akiusoma, kidole chake kikienda mahali palepale, kisha akafunga. Hakusema tena kuhusu nguvu za mwaka. Ilikuwa inaniua. Nilijua yeye analo jina kichwani, angeweza kuliandika upya hata mchana huohuo, ila hakuliandika, na nafikiri ni kwa sababu lile lilikuwa neno la baba yake juu ya mama yake. Mkono wake yeye usingeweza kulisema.

Lakini kulitamka angelitamka, kama angeulizwa. Bibi alikuwa mtu wa zamani, jina la mzazi wake halitaji hovyo mpaka aulizwe kwa adabu. Na kuna siku nilianza kumuuliza. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nakuna nazi, yeye anachambua mchele. Nikasema, "Bibi, yule mama yako..."

"Enhe?" Akaweka ungo chini. Akanigeukia mwili mzima.

Nikaona aibu, nikainamia nazi yangu. Nikasema, "Alitoka wapi?"

"Bara. Huko nyuma ya Rutamba, milimani." Akangoja. Nakumbuka alivyongoja, mikono kapakata, macho kwangu, uso umeanza kukunjuka kama zamani. Na mimi, mjinga mimi, nikamwambia, "Bibi, nazi imekwisha." Akachukua ungo wake akaendelea na mchele. Mwaka uliofuata nilikwenda shule Lindi, na alipofariki gari liliharibika njiani, nilifika wameshamzika.

Basi ndiyo mambo niliyopanda nayo ngazi mwezi uliopita, nyuma ya yule binti wa ushungi wa kijani. Anaeleza vizuri, sikatai. Bakuli liko ndani ya kioo, samaki wanafukuzana bado. Mrashi uko, kasha liko. Ila hakuna harufu. Wameweka dawa fulani ya kisasa ya wadudu, nzuri kwa karatasi, haina harufu kabisa. Siku ya vitabu haipo, mikeka haipo, shaba za mlango zimefifia kwa kukosa ukwaju, jirani kafa, mwalimu kafa. Nilisimama pale nikaona kwamba wameokoa kila kitu kinachoshikika, na nikashukuru kwa dhati, na bado nikalia.

Binti akadhani ni vumbi. Akanipeleka kwenye kioo cha mwisho, na humo kitabu cha nyumba kimefunguliwa penye ule ukurasa. "Huu watu wanauulizia sana, mama," akasema. "Kwa nini mmoja tu ni mweupe. Tumeandika hapa kwamba uliharibiwa na unyevu."

"Si unyevu," nikamwambia. "Ni mimi."

Nikamweleza yote, nimesimama peku kwenye ile baridi, kama nilivyokueleza wewe. Alisikiliza mkono mdomoni. Nilipofika kwa bibi kulamba kidole, machozi yakamtoka na yeye. Kisha akafanya kile ambacho mtoto mwema lazima akifanye. Akachomoa kile kikaratasi cha maelezo, akakigeuza upande mweupe, akatoa kalamu.

"Tuandike ukweli wake, mama. Huyo mama yake bibi, jina lake nani?"

Aliniuliza kwa adabu, kama inavyotakiwa kuulizwa. Kalamu iko juu ya karatasi, macho kwangu, anangoja.

"Sijui, mwanangu," nikasema. "Sikumuuliza."